Sonax ya kuoshea rimu: Golf yangu baada ya kuunguza breki Kitonga

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtaniuliza. Elfu 48, Kariakoo, chupa ya mililita 500, na muuzaji alianzia elfu 60 kwa hiyo mkienda nendeni na maneno. Wife alivyoona risiti akauliza hii ni ya kuosha rimu au ya kununua rimu, nikakaa kimya kwa sababu hata mimi nilikua najiuliza hivo hivo.

Gari ni Volkswagen Golf 6, rimu za sport inchi 17 zilizokuja nazo toka Japani, silva. Kabla yake nilikua na IST miaka sita na kwa ile IST sikuwahi kujua kama breki zina vumbi, ulikua unapitisha sponji na maji ya Omo umemaliza, unaenda kunywa chai. Huyu Mjerumani ukimuosha Jumamosi, Jumatano rimu za mbele ni nyeusi kama chini ya sufuria ya kuni na za nyuma ziko afadhali. Mwanzo nikajua nimeuziwa pedi feki, fundi akanicheka, akaniambia mzee gari nyingi za Ulaya ziko hivi, pedi zake zina chuma kingi ndani ili ziume vizuri ukiwa spidi kubwa, sasa zikiuma zinajisaga zenyewe na zinaisaga na diski, na diski nayo ni chuma. Alafu za mbele ndo zinafanya kazi kubwa, karibu asilimia 70 ya kusimamisha gari, maana ukikanyaga breki uzito wote unakimbilia mbele. Kumbe lile jeusi unaloliona kwenye rimu sehemu kubwa ni unga wa chuma. Ulaya kwenyewe limewachosha, kwenye sheria yao mpya ya Euro 7 wameweka kwa mara ya kwanza kikomo cha vumbi la breki, miligramu 7 kwa kilomita kwa gari dogo la kawaida la mafuta. Sijui ya kwangu inatoa ngapi, ila kwa macho tu tumeshapita hapo zamani.

Ila vumbi la kawaida mimi sina ugomvi nalo, sabuni na brashi linatoka. Yangu yalianzia mlima Kitonga.

Mwezi wa nne tulienda Iringa kwenye msiba, wakati wa kurudi tukashuka Kitonga nyuma ya msururu wa malori, na mimi kwa akili zangu nimeacha gia kwenye D nashuka na breki tu kama niko foleni ya Ubungo. Gari ina gia za kupanga kwa mkono pale pale kwenye lever, ungeweka ya pili injini ingekushikilia mpaka chini, sikuweka. Katikati ya mlima shemeji aliyekaa mbele akasema kaka kuna kitu kinaungua, nikamwambia ni hilo lori la mbele. Haikua lori. Tulivyofika Ruaha Mbuyuni wenzangu wanashuka kununua vitunguu, mimi nazunguka gari, na joto lililokua linatoka kwenye rimu ya mbele kushoto ungeweza kuchomea hindi. Kuna dogo alikuja mbio na ndoo ya maji anataka kumwagia, nikamzuia, maana diski ya moto hivo ukiipiga maji ya baridi unaweza kuipinda au kuipasua na hapo safari ndo imeishia kwenye vitunguu. Tukakaa karibu saa nzima mpaka zikapoa zenyewe.

Mbele ya safari mvua. Kisha nyumbani, na mimi naishi Kigamboni, upepo wa chumvi usiku na mchana, na gari nikaliacha wiki nzima bila kuosha kwa uchovu wa msiba. Nilivyokuja kuliangalia vizuri ule weusi umegeuka kahawia, kuna vidoti vya rangi ya chungwa vimetapakaa kwenye kila spoki, ukipitisha kidole unasikia kama umeshika msasa. Nikamwaga sabuni, nikasugua mpaka mkono unauma, vidoti viko pale pale vinaniangalia.

Hapa ndo inabidi muelewe kilichotokea maana mimi kutokuelewa kulinigharimu. Ule unga wa chuma ukiruka kutoka kwenye breki iliyochemka unaruka ukiwa wa moto, unatua kwenye rimu unajichomeka ndani ya ile klia, yani lile tabaka angavu la juu ya rangi. Baadae unapata maji, unashika kutu, na kutu inavimba, kwa hiyo kila kadoti kanazidi kujikaza kwenye katundu kake. Sasa wewe unasugua juu wakati mwenzio kaingia ndani kama mwiba kwenye kisigino. Ukitumia nguvu zaidi unachokwangua ni klia, mwiba umebaki.

Nikiwa sijayajua hayo nikapeleka gari sehemu ya kuoshea magari, sitaji wapi. Dogo aliyenipokea akaangalia rimu akasema bosi hii ndogo sana, tuna dawa inang'oa kila kitu. Akaenda nyuma akarudi na kidumu hakina lebo, akamimina kwenye tambara la kitambaa, akaanza na rimu ya mbele kushoto. Ikatoa kama moshi na harufu nikaitambua, ni ile ya dawa ya choo, yani asidi ya haidrokloriki. Mpaka napiga kelele aache keshamaliza rimu nzima. Na kweli aling'oa kila kitu, dogo hakudanganya. Kutu ilipungua ila na klia ikaondoka nayo, rimu ikawa nyeupe imepauka mabaka mabaka kama ukuta uliovuja, maana asidi ile haichagui, inakula chuma, inakula klia, ikifika kwenye alumini nayo inakula. Nilimlipa ya kuosha nikaondoka, ningefanyaje, ni kijana anatafuta riziki na mimi ndo nilisema sawa.

Zile tatu zilizobaki nikaanza majaribio ya nyumbani. Ndimu na magadi: inatoa povu zuri, unafurahi, ukisuuza vidoti vinapungua kidogo sana, labda ukikaa nazo wiki. Soda nyeusi: kulikua na jamaa kazini anaapa kwa Mungu inatoa kutu, na kweli ina asidi kidogo, ila nilichopata ni rimu inayonata na sisimizi wote wa mtaa kuja kunitembelea. Mafuta ya taa yalitoa lami vizuri mno, vile vidoti vyeusi vya lami nilivyookota njiani vikafutika kama wino, ila kwa chuma hayana habari. Stili waya nilijaribu sehemu ya ndani isiyoonekana, namshukuru Mungu nilianza na sehemu isiyoonekana.

Aliyenifungua macho ni fundi rangi mmoja wa Tabata, nilimpelekea ile rimu ya kushoto anipe bei. Akapitisha kucha kwenye ile nyingine ya kulia akaniambia, "Kaka, hili si uchafu, hiki ni chuma. Tafuta dawa inayokula chuma peke yake, usitafute inayokula kila kitu." Ndo akanitajia Sonax ya rimu. Wenyewe ni Wajerumani, wako Neuburg kule mto Danube, jina hilo liko sokoni tangu 1950, na kwenye kibandiko wameandika haina asidi. Pale dukani pembeni yake kulikua na galoni la lita 5 lisilo na jina la bei ya chai na maandazi, muuzaji ananisukumia hilo, nikamuuliza lina nini ndani akasema dawa. Nikamwambia nipe ile ya elfu 48.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari iko chini ya mwembe, rimu za baridi kabisa, haijatembea toka jana. Hilo ni la muhimu sana kwa Dar, dawa hii ikikaukia kwenye rimu inaacha madoa, na jua letu la saa nne linakausha kitu dakika moja, kwa hiyo ni asubuhi au jioni karibu na magharibi. Nikaosha kwanza kwa maji na sabuni kutoa tope na vumbi jepesi, ukiruka hii hatua unatumia dawa ya bei mbaya kuoshea matope. Glavu nikavaa, za dukani za kawaida za mpira.

Ikitoka kwenye chupa ni kijani inayoelekea njano inayong'aa kama kizibao cha bodaboda, nzito kidogo, inashika kwenye spoki haikimbilii chini. Nikapuliza rimu ya mbele kulia nikachuchumaa kuangalia. Nusu dakika ya kwanza kimya, nikaanza kuikumbuka elfu 48 yangu. Alafu pale kwenye mizizi ya spoki, karibu na nati, nikaona kama rangi ya waridi inajitokeza, kila kadoti kana kaduara kake, viduara vikakutana, ikawa nyekundu, nyekundu ikawa ya damu ya mzee, na ikaanza kuchuruzika kwenye tairi mpaka chini kwenye mchanga. Mama Juma wa jirani anafagia upande wa pili wa michongoma akasimama.

"Baba Salma, mmechinja?"

"Hapana mama Juma, naosha gari."

"Gari inatoka damu?"

Sikua na jibu la haraka.

Sasa harufu. Harufu yake jamani si ya mchezo, ni yai viza lililochanganywa na saluni. Shangazi yangu alikua amelala kwetu, akatoka na khanga yake puani akaniambia mwanangu mbona kunanuka kalikiti asubuhi yote hii, nani anakalikitiwa huko nje? Nikacheka nikajua ni uzee, baadae nikaja kusoma kumbe shangazi yuko sahihi kuliko mimi, kemikali inayofanya kazi kwenye dawa hizi za kula chuma ni ya ukoo mmoja na ile waliyokua wanapakwa kichwani enzi za kalikiti, inaitwa thaioglaikoleti. Kwenye nywele inalegeza vifungo vya unywele ndo ukajikunja kwenye rola, kwenye rimu inakamata kutu ya chuma inaiyeyusha, na huo wekundu ndo dawa ikiwa imeshaishika chuma. Pasipo na chuma inabaki kijani. Shangazi akasema basi msiiache ikae sana, sisi ilikua inatuunguza ngozi. Kwa hiyo na mimi nasema vaeni glavu, na msiinamie karibu, na kuku muwafungie.

Nikaiacha dakika tatu, kwa hapa kwetu nisingezidisha nne, nikachukua mswaki wa zamani nikapitisha kwenye kona za spoki na matundu ya nati, taratibu tu kama unapiga mswaki mtoto, alafu nikasuuza kwa mpira wa maji nimebana mdomo wake kwa kidole. Ile dakika maji yanapita na wekundu unaondoka na silva inatokea chini yake, aisee nilisimama nikaiangalia tu.

Lakini tusidanganyane, haikumaliza. Niliamua kuhesabu spoki moja ili nisijipe moyo, kabla ya kuanza ilikua na vidoti 23 vya chungwa, baada ya raundi ya kwanza 11, baada ya ya pili 6. Raundi ya tatu nikaloanisha vipande vya tishu za jikoni kwa dawa nikavibandika juu ya vile vilivyogoma ili isikauke, nikavipa dakika zao, vikabaki 2 na hivo 2 mpaka uchuchumae na kuvitafuta. Ukisuuza kati ya raundi na kurudia unapata zaidi kuliko kumwaga nyingi kwa mara moja, mimi kwenye rimu ya kwanza nilimwaga kama nanyweshea mchicha na nusu yake ilikunywa mchanga.

Kitu kimoja kilinipotezea dawa nyingi na hakuna aliyeniambia. Ukipuliza rimu ikiwa kwenye gari, dawa inapita katikati ya spoki inafika kwenye diski, na diski ni chuma chenyewe, kwa hiyo itatoa damu mpaka Krismasi. Mimi nikawa naona wekundu unazidi kuchuruzika nikadhani rimu bado chafu, napuliza tena, inatoka tena, napuliza tena. Ni mpaka nilipopiga jeki nikavua tairi kabisa ndo nikaelewa. Na ukivua tairi ndo unaona ukweli wa ndani ya rimu, kule kwa nyuma ambako hakuna dogo wa kuosha gari aliyewahi kufika, kulikua na gamba jeusi nene kama ukoko wa pilau. Hilo la ndani dawa ililainisha nusu tu, raundi mbili na brashi ngumu ya plastiki, kwingine nikaacha, hakuna anayekuja kwangu kuchungulia nyuma ya tairi. Ukimaliza endesha mtaani kidogo ukikanyaga breki taratibu zikauke, maana diski iliyoloana inashika kutu ya juu juu fasta na kwa kanyaga za kwanza kwanza breki zinakua nzito.

Rimu za nyuma raundi moja zikaisha, hata sina cha kuelezea.

Ile ya kushoto sasa, ya asidi. Klia yake haiko nzima tena, kwa hiyo nilipuliza kasehemu kadogo tu kujaribu. Haikubadilika rangi. Yale mabaka meupe na vile vimistari kama vijinyoo vinavyotambaa chini ya klia iliyobaki si vumbi la chuma, ni alumini yenyewe imeanza kuoza, na hakuna dawa ya kupuliza inayorudisha klia iliyoliwa. Yule fundi wa Tabata anataka elfu 50 kuipiga msasa, praima, rangi na klia mpya. Yani dawa ya kidumu ya dogo nililipia buku kadhaa itanitoka kwa bei ya Sonax na chenji. Bado sijaipeleka, kwa hiyo saivi gari yangu ukiiona upande wa kulia unaweza kuposa nayo, upande wa kushoto naegesha karibu na ukuta.

Kuhusu chupa kuishia wapi, kwa rimu ya mbele kulia raundi tatu na za nyuma moja moja nimetumia kama robo tatu, na humo kuna uzembe wangu wa diski na wa mchicha. Mtu mwenye rimu zisizoungua, vumbi la kila siku tu, nadhani anapata mara mbili au tatu za gari zima. Ila kwa vumbi la kila siku mimi nisingeitumia, sabuni inatosha ukiwa unaosha kila wiki kabla halijapata mvua. Mwenye IST, Vitz, Passo, weka hela yako mfukoni, kula chipsi kuku. Hii ni ya mwenye gari la Ulaya, au aliyenunua gari la mkononi likaja na rimu zimeshakua za kahawia, au aliyeshuka mlima kama mimi nilivyoshuka.

Baada ya kuosha nilipaka nta, ile ile ya kupakia bodi, nikaiacha ikauke nikafuta na kitambaa laini. Hii nilidhani ni mbwembwe lakini wiki ya tano sasa vumbi jeusi linakuja kama kawaida, tofauti ni kwamba nikipiga maji ya presha nusu yake linaondoka kabla sijagusa sponji. Fundi wa breki ananishauri nihamie pedi za seramiki, anasema vumbi lake ni dogo na halina weusi huu, ila amenitajia bei nikamwambia hizi zilizopo ngoja ziishe kwanza.

Nyota natoa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya harufu, maana jioni ile nilikula ugali kwa kijiko.

Shemeji, yule yule aliyenusa Kitonga nikambishia, ana Crown na ameshanipigia mara mbili anataka hiyo robo iliyobaki. Nimemwambia aje Jumapili alfajiri, aje na glavu zake na mswaki wake, na akitoka apite kwa mama Juma amueleze mwenyewe kwamba hatujachinja.